Ujumbe wa Polisi Wavuka Bahari Mbio, Haki Yaja Nyuma Ikitweta

Watu wa Mombasa, Lamu na Malindi wamezoea khabari za kuvuka bahari tangu enzi za mababu. Zama za vyombo vya tanga, barua iliyotoka Maskati ama Bombay ilingoja upepo wa kaskazi, ikafika mkononi mwa nahodha baada ya majuma kadhaa, na jawabu lake likangoja upepo wa kusi. Kama barua hiyo ilimtaja mtu kwa ubaya, mtuhumiwa alipata muda wa kujieleza, na aliyeipokea alipata muda wa kuuliza: haya ni kweli? Nani aliyeyaandika, na ana kisa gani na mtu huyu?

Muda huo hatunao tena. Hivi leo ofisa wa polisi aliyeketi mbele ya kompyuta katika nchi yoyote kati ya nchi 196 zilizo wanachama wa Interpol, aweza kuandika jina la mtu, picha yake, alama zake za vidole na kosa analotuhumiwa. Khabari hizo zaweza kuonekana na askari wa upande wa pili wa dunia kabla chai ya mwandishi wake haijapoa.

Jambo hili lina manufaa makubwa na lina khatari zake. Sisi watu wa pwani, ambao jamaa zetu wako Dubai, Jidda, Maskati na London, na ambao kila mwaka twasafiri kwa biashara, masomo, hija na umra, tuna sababu kubwa ya kulifahamu pande zote mbili. Mwenye kuibiwa ataka mwizi akamatwe hata akikimbilia ng'ambo. Na mwenye kusingiziwa ataka asikilizwe kabla hajatiwa katika ndege.

ASILI YA USHIRIKA HUU

Fikra ya polisi wa nchi mbalimbali kusaidiana si ya jana. Mwezi wa Aprili 1914, maofisa wa polisi na wanasheria kutoka nchi 24 walikutana Monaco. Gari la moshi lilikuwa limewapa wahalifu mbio mpya: mtu alivunja sanduku la fedha katika mji mmoja jioni, na asubuhi yuko nchi nyingine, ambako polisi wa kwao hawana amri. Vita Vikuu vya Kwanza viliukatiza mpango ule, lakini mwaka 1923 ukafufuliwa mjini Vienna na mkuu wa polisi wa huko, Johannes Schober. Mwaka 1935 ukaanzishwa mtandao wa redio wa polisi wa kimataifa. Huo ndio babu wa mitambo ya leo.

Walakini historia ya ushirika huu ina ukurasa mmoja mweusi ambao haufai kusahauliwa. Wajerumani wa Hitler walipoitwaa Austria mwaka 1938, waliutwaa na ushirika wenyewe pamoja na kumbukumbu zake. Mwaka 1940 rais wake akawa Reinhard Heydrich, mmoja wa wakuu wa polisi ya siri ya Kinazi, na makao yakahamishiwa Berlin. Kumbukumbu zilizokusanywa ili kuwanasa wezi na wenye kughushi fedha zikawa mikononi mwa watu waliowawinda binadamu kwa sababu ya kabila na dini yao. Faili haijui mema wala mabaya; humtumikia yule aliyeshika ufunguo wa kabati.

Baada ya vita, mwaka 1946, ushirika ulijengwa upya katika mkutano wa Brussels, na mwaka 1956 ukapata katiba mpya. Makao yake tangu 1989 yako Lyon, Ufaransa. Katika katiba hiyo kuna kifungu cha 3, ambacho kila msafiri angefaa kukijua. Chasema kuwa Interpol imekatazwa kabisa kujitia katika mambo ya siasa, ya kijeshi, ya dini au ya rangi za watu. Kifungu cha 2 nacho chataka kazi yote ifanywe kwa roho ya Azimio la Haki za Binadamu.

ILANI NYEKUNDU NI NINI?

Wengi wetu, kwa kutazama sinema, hudhani kuwa Interpol ina askari wake wenye bastola wanaozunguka dunia wakikamata watu. Sivyo. Interpol haina mamlaka ya kumkamata mtu yeyote popote. Kazi yake ni kupokea na kupeleka khabari. Kila nchi ina ofisi yake ya Interpol yenye askari wa nchi hiyohiyo. Ya Kenya iko Nairobi, chini ya Idara ya Upelelezi wa Jinai.

Nchi ikimtaka mtu aliyekimbia, huomba Lyon itoe kile kiitwacho ilani nyekundu. Ilani hii huziomba nchi zote zimtafute mtu huyo na kumzuia kwa muda, ili taratibu za kumkabidhi zifuate. Ziko ilani za rangi nyingine pia: ya manjano kwa mtu aliyepotea, nyeusi kwa maiti isiyojulikana ni ya nani, ya buluu kwa kutafuta khabari za mtu.

Hapa ndipo penye jambo la kukumbuka. Ilani nyekundu si hukumu, wala si hati ya kukamatwa itolewayo na hakimu wa dunia nzima. Kila nchi huamua kwa sheria zake kama itamkamata mtu kwa sababu yake. Aidha, sehemu kubwa ya ilani hizi hazitangazwi hadharani. Huonwa na polisi peke yao. Kwa hiyo mtu aweza kwenda kiwanja cha ndege na mikoba yake, akiaga jamaa kwa furaha, asijue kuwa jina lake limo.

Zamani karatasi hizi zilipelekwa kwa posta, na nyingine zilikaa mezani miezi bila kusomwa. Mwaka 2003 ulianza mtandao wa siri uunganishao ofisi zote usiku na mchana, na mwaka mmoja kabla yake ilianzishwa hazina ya nambari za pasipoti zilizoibwa au kupotea. Tangu hapo, kilichokuwa kazi ya majuma kimekuwa kazi ya dakika.

MANUFAA YAKE

Asiyekubali manufaa ya ushirika huu na akumbuke Agosti 7, 1998. Siku ile mabomu yaliyolipuliwa katika balozi za Marekani mjini Nairobi na Dar es Salaam yaliua watu zaidi ya 200, wengi wao Waafrika waliokuwa katika shughuli zao za halali. Siku hiyohiyo, katika kiwanja cha ndege cha Karachi, Pakistan, alizuiliwa Mohamed Odeh, mtu aliyekuwa amepata kuishi katika pwani yetu. Alikuwa akitumia pasipoti ya uongo. Alirejeshwa Nairobi juma lililofuata, kabla mwezi kwisha akapelekwa New York, na mwaka 2001 mahakama ya huko ikamhukumu kifungo cha maisha. Lau polisi wa nchi tatu wasingesemezana, huenda angepotea moja kwa moja.

Na si mabomu tu. Wizi wa siku hizi hauhitaji kuvunja mlango. Mtu akaa nchi moja, kompyuta anayoitumia iko nchi ya pili, na benki anayoiibia iko nchi ya tatu. Kuanzia Septemba hadi mwisho wa Oktoba 2024, Interpol pamoja na Afripol, ambayo ni ushirika wa polisi wa Umoja wa Afrika, waliongoza msako walioupa jina la Serengeti katika nchi 19 za Afrika. Walikamatwa watu 1,006. Hapa kwetu Kenya polisi walifichua wizi wa kadi za benki uliohusishwa na hasara ya dola milioni 8.6 za Kimarekani. Fedha hizo zilikuwa zimekwisha kupelekwa kwa makampuni yaliyoko Imarati, Nigeria na China. Askari wa Kenya peke yake, hata awe hodari vipi, angefika mpakani akasimama.

Yako na matatizo ya ushahidi. Tuseme muuza duka wa Marikiti ametapeliwa kwa simu. Ujumbe aliotapeliwa kwao haukuhifadhiwa Mombasa. Umehifadhiwa katika mitambo ya kampuni ya ng'ambo. Ili ushahidi huo ukubaliwe mahakamani, lazima uombwe kiserikali. Kenya ina sheria ya kusaidiana kisheria na nchi nyingine tangu 2011, lakini maombi hupita kutoka ofisi hii hadi ile, na miezi hupita pamoja nayo. Tazama basi kinyume cha mambo: jina la mtuhumiwa huvuka bahari kwa sekunde, ilhali ushahidi wa kuthibitisha kosa, au wa kumtoa mtu hatiani, husafiri kwa mwendo wa kobe.

Ni kwa sababu hiyo Umoja wa Mataifa, Desemba 24, 2024, ulipitisha mkataba mpya wa kupambana na uhalifu wa mitambo, na Oktoba 2025 nchi nyingi zikautia sahihi mjini Hanoi. Kuanza kutumika kwake kwahitaji nchi 40 ziuridhie. Mkataba huu waziruhusu nchi kupeana ushahidi wa kompyuta hata kwa makosa mengine mazito, yaani yale ambayo adhabu yake yaweza kufika miaka minne ya kifungo au zaidi. Wenye kutetea haki za watu wana khofu moja: kila nchi hujiamulia yenyewe lipi ni kosa zito. Katika nchi nyingine, kumwandika mtawala kwa ubaya kwaweza kumpa mtu miaka mingi kuliko minne.

KISA CHA MCHEZA MPIRA

Ili tuone khatari yenyewe, tutazame yaliyompata Hakeem al-Araibi, mcheza mpira wa Bahrain. Kijana huyu alikamatwa kwao mwaka 2012, na asema aliteswa. Mwaka 2014 alikimbilia Australia. Nyuma yake mahakama ya Bahrain ikamhukumu miaka 10 kwa kosa la kuharibu kituo cha polisi, naye akisema kuwa siku ya kosa hilo alikuwa uwanjani akicheza mechi iliyoonyeshwa kwa televisheni. Australia ilimkubali kuwa mkimbizi mwaka 2017, akawa akichezea klabu moja ya Melbourne.

Novemba 27, 2018, alishuka Bangkok, Thailand, pamoja na mkewe kwa fungate. Hawakutoka kiwanjani. Bahrain ilikuwa imepata ilani nyekundu majuma machache kabla, na polisi wa Australia wenyewe, walipoona jina lake katika safari, waliwaarifu wenzao wa Thailand kuwa mtu huyo yuko njiani.

Sasa sikiliza. Kanuni za Interpol zenyewe hazikubali ilani juu ya mkimbizi ikiombwa na nchi aliyoikimbia. Khabari za ukimbizi wake zilikuwako Australia, katika mafaili ya serikali hiyohiyo. Lakini baadaye ilielezwa mbele ya baraza la Seneti la Australia kuwa idara ya mipaka haikuwa imewapa polisi khabari hiyo kwa wakati. Idara mbili za serikali moja zilishindwa kuambiana, ilhali ilani ilikwisha kuzunguka dunia.

Interpol iliifuta ilani Desemba 4, juma moja tu baada ya kukamatwa kwake. Je, alifunguliwa? La. Bahrain ilikuwa imekwisha kuomba rasmi akabidhiwe, na mlango wa jela ukabaki umefungwa. Februari 4, 2019, alipelekwa mahakamani akiwa na pingu miguuni, akiwapigia kelele waandishi wasiache arejeshwe Bahrain. Wacheza mpira wa nchi nyingi walipaza sauti, wakiongozwa na Craig Foster, aliyepata kuwa nahodha wa timu ya taifa ya Australia. Februari 11 ombi likaondolewa, naye akarudi Melbourne. Alikuwa amekaa ndani zaidi ya miezi miwili kwa ujumbe ambao haukustahili kutumwa.

Al-Araibi alikuwa na bahati ya kujulikana. Mtu asiyecheza mpira, asiye na nahodha wa kumsemea, angefanywaje?

YALIYOTUKUTA SISI

Hatuna haja ya kwenda mbali hadi Bangkok. Hapa pwani twakumbuka mambo mawili ambayo yafaa kuwekwa katika mizani moja.

La kwanza ni la ndugu wawili wa Akasha, Baktash na Ibrahim. Walikamatwa Mombasa Novemba 2014 baada ya mtego uliotegwa na wapelelezi wa Marekani wa kupambana na madawa ya kulevya, katika jambo lililohusu kilo 99 za heroini. Kwa miaka miwili mahakama zetu zilisikiliza kama wakabidhiwe au wasikabidhiwe. Mwisho wa Januari 2017, kesi hiyo ikiwa haijakatwa, walichukuliwa wakapandishwa ndege hadi New York. Oktoba 2018 walikiri makosa wenyewe, na baadaye wakahukumiwa, mmoja miaka 25 na mwingine 23. Hakuna mzazi wa pwani ambaye mwanawe ameangamizwa na unga aliyewalilia. Lakini hakimu aliyekuwa akilipima jambo lile alipokonywa mizani mkononi, na mlango uliofunguliwa kwa mwenye hatia hubaki wazi kwa asiye na hatia.

La pili ni zito zaidi. Novemba 2002 hoteli ya Kikambala ilishambuliwa, wakafa Wakenya 10 na Waisraeli 3. Februari 2007 Mkenya mmoja alikamatwa Mombasa, na mwezi uliofuata akakabidhiwa Wamarekani na kupelekwa Guantanamo. Marekani ilimtuhumu kuhusika na shambulio lile. Hakuna hakimu wa Kenya aliyeulizwa kama akabidhiwe. Alikaa huko miaka 17 na zaidi bila kufunguliwa mashtaka hata siku moja, akarejeshwa Kenya Desemba 2024.

Fikiri, msomaji, ni nani aliyepata haki hapo. Kama mtu yule hakutenda, ameporwa ujana wake. Kama alitenda, basi wajane na mayatima wa Kikambala hawakupata kusikia ushahidi ukisomwa mbele yao wala hukumu ikitolewa. Njia ya mkato iliwanyima haki wote wawili, mtuhumiwa na aliyefiwa.

LIPI LA KUFANYA?

Jawabu si kuwataka polisi waache kusaidiana. Mwizi, mwuza unga na mwenye kuuza binadamu wangefurahi kupita wote. Jawabu ni kwamba kati ya ujumbe wa polisi na ndege ya kumchukua mtu, lazima awepo hakimu aliyeketi, mwenye kuuliza yaleyale ambayo mpokeaji barua wa zamani aliuliza: ni kweli? Nani asemaye? Ana kisa gani?

Njia ya kisheria ipo, wala si ngeni. Kenya ina sheria mbili za kuwakabidhi watuhumiwa, moja kwa nchi za Jumuiya ya Madola na nyingine kwa nchi nyinginezo, na zote mbili zampeleka mtu mbele ya hakimu kwanza. Katiba ya 2010, kifungu cha 49, yataka aliyekamatwa aambiwe mara moja sababu ya kukamatwa, aruhusiwe kuzungumza na wakili, na afikishwe mahakamani kabla ya saa 24 kupita, au siku ya kwanza mahakama inapofunguliwa ikiwa zimekwisha wakati imefungwa. Jamaa wasiojua aliko mtu wao waweza kwenda Mahakama Kuu kuomba amri ya kuletwa hadharani.

Interpol nayo ina tume maalumu ya kuchunguza mafaili yake. Mtu yeyote aweza kuiandikia Lyon, bila malipo, kuuliza kama jina lake limo na kuomba lifutwe ikiwa limetiwa kinyume cha kanuni. Aliyekimbia nchi yake kwa khofu, au mwenye ugomvi wa mali na mtu mkubwa wa ng'ambo, ni afadhali aulize angali nyumbani kuliko kujibiwa kwa pingu katika kiwanja cha ndege.

Wazee walisema haraka haraka haina baraka. Askari wa leo hawezi kungoja kaskazi, wala hatumtaki angoje, maana mhalifu hangoji. Lakini hata kule Karachi mwaka 1998, kilichomnasa msafiri mwenye pasipoti ya uongo ni macho ya ofisa aliyeitazama picha, akautazama na uso, akaona havilingani. Kutazama mara mbili hakukumpa mhalifu nafasi ya kukimbia. Na katika Bangkok, lau mtu mmoja angelifungua faili akatazama mara ya pili, bwana harusi yule angeendelea na fungate yake.